Barua ya wazi kwa Meya na Madiwani: pesa za janga zilizokuja kwa hesabu ya vichwa vyetu

Jumatatu, 2 Machi 2026

Kwa Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Baraza la Mji,

YAH: MATUMIZI YA FEDHA ZA SERIKALI KUU ZA KUINUA UCHUMI BAADA YA UVIKO-19

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua rasmi katika shule ya kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sijaona sababu ya kuacha. Mimi ni mkazi wa mji huu wa Marekani tangu 2017, mpangaji katika majengo yale ya nyuma ya reli, na mfanyakazi wa zamu ya pili katika kiwanda cha nyama. Hii ni barua yangu ya nne kwenu kuhusu jambo hilihili. Tatu za kwanza niliziandika kwa Kiingereza, nikisaidiwa na mama mmoja wa maktaba ambaye alinisahihishia sarufi mpaka sote wawili tukachoka. Ya kwanza ilijibiwa na kompyuta: tumepokea. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa sentensi mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kunitakia siku njema. Kwa hiyo hii naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani. Safari hii mkalimani mtamtafuta ninyi.

Nimewahi pia kuja mbele yenu. Oktoba 2024 niliomba ruhusa kazini bila malipo, nikasimama kwenye kipaza sauti na kijana wangu wa miaka 14 pembeni yangu akinitafsiria. Dakika tatu, kisha kengele inalia. Niliuliza pesa za janga zimetumika kwa kazi gani. Mhasibu wenu akajibu kwa sauti ya upole, maneno mengi, na kijana akanigeukia: “Mama, anasema mji ulipoteza pesa, ndiyo maana wakazichukua hizi kufidia.” Nikamwambia muulize, ulizipotezea wapi? Kijana akatazama viatu vyake. “Mama, siwezi kuwauliza hivyo.” Kengele ikalia.

Naliuliza tena leo, hapa ambapo hakuna kengele.

Kwa ajili ya wasomaji wengine, nieleze kwanza pesa zenyewe. Tarehe 11 Machi 2021 Rais Biden alitia saini sheria ya uokoaji, ile ambayo ofisini kwenu inaitwa ARPA. Ndani yake mlikuwa na dola bilioni 350 za serikali za majimbo, kaunti, miji na mataifa ya Wenyeji wa Amerika. Miji mikubwa ilipokea moja kwa moja kutoka Wizara ya Fedha mjini Washington. Midogo kama wetu, yenye watu chini ya 50,000, iliwekewa fungu la karibu dola bilioni 19.5 lililopitia mikononi mwa majimbo, kwa awamu mbili. Na jimbo liligawa kwa kipimo kimoja tu: idadi ya watu. Halikutazama nani ana pasipoti ya nchi gani, wala nani anajua Kiingereza. Mtoto wa mgongoni alihesabiwa kichwa kimoja, sawa na Meya.

Naomba hilo likae akilini mnapoendelea kusoma. Katika mji mdogo kama huu, kila familia iliyotoka Uvira, Fizi au Baraka kule Kongo ikapanga nyuma ya reli iliongeza kitu kwenye hundi ile. Tulipohesabiwa tulikuwa watu wa mji. Zilipogawiwa, tukawa wageni. Kwetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa tulipewa kisu siku ya kwanza, na hatulalamiki kwa hilo, kazi ndiyo tuliyoifuata. Malalamiko yetu ni haya.

1. Mapato ambayo hayakupotea

Mwanzoni, mji uliotaka kusema umepoteza mapato kwa sababu ya janga ulitakiwa kupiga hesabu na kuonyesha. Januari 2022 Wizara ya Fedha ikatoa kanuni ya mwisho na kulegeza: kila mji unaweza kuhesabiwa kuwa umepoteza hadi dola milioni 10 bila kuonyesha hata senti moja iliyopotea, kisha ukazitumia karibu kwa huduma yoyote ya kawaida ya serikali. Mji wetu haukupata hata hizo milioni 10. Kwa hiyo pesa zote, awamu ya kwanza na ya pili, ziliingizwa kwenye mlango huo mmoja. Hilo ndilo jibu ambalo mhasibu wenu alikuwa akilitafuta njia ya kulisema kwa kijana wa miaka 14. Mji haukupoteza kitu. Mji uliruhusiwa kuhesabiwa kuwa umepoteza.

Sisemi mmevunja sheria. Mmeifuata. Najua pia kwa nini kanuni ililegezwa: mji wenye karani wawili hauwezi kuandika ripoti kama Chicago. Hasira yangu imo katika hatua iliyofuata, ambayo haimo kwenye ripoti yoyote niliyoonyeshwa.

Sehemu kubwa ya pesa zile ililipa mishahara ya polisi na zimamoto, mishahara ambayo mji ulikuwa unailipa miaka yote kwa kodi zetu na ambayo tayari ilikuwa kwenye bajeti. Sasa fikirini kama watu wa nyumbani. Shemeji yako aliyeko mbali anakutumia pesa ya ada ya mtoto. Unalipa ada kweli, risiti unayo. Lakini zile ulizokuwa umeziweka kabatini kwa ajili ya ada hiyohiyo, unanunulia pikipiki. Shemeji akipiga simu kuuliza, unamsomea risiti. Hujasema uongo hata neno moja, na mtoto yuko darasani. Pikipiki, je?

Ndilo swali langu lote, Waheshimiwa. Pesa za Washington zilipolipa polisi, pesa zetu za mfuko mkuu wa mji zilibaki kabatini. Zilikwenda wapi? Kanuni ileile inakataza kuzitia pesa za ARPA kwenye akiba ya mji, na inakataza kulipia madeni yake. Haisemi neno juu ya pesa zilizoachwa huru. Nikisoma taarifa zenu za ukaguzi, ambazo mama wa maktaba alinichapishia kwa senti 10 kila ukurasa, naona akiba ya mji imenenepa katika miaka hiyohiyo. Inawezekana ni sadfa. Basi semeni ni sadfa, kwa maandishi.

2. Nyongeza ya kazi ya hatari

Hili nitalieleza taratibu, maana mengi yamesahauliwa.

Tarehe 28 Aprili 2020 Rais Trump alitoa amri ya kuvitambua viwanda vya nyama kuwa vya lazima, ili visifungwe. Shule zilifungwa, makanisa yalifungwa, ninyi wenyewe mlikuwa mkikutana kwenye kompyuta. Sisi tulikuwa kwenye laini ya kukatia nyama, bega kwa bega, nyuzi joto chini kama ndani ya friji, mashine zikinguruma hivi kwamba ukitaka mwenzako akusikie lazima umsogelee sikioni. Walitundika karatasi za plastiki kati ya mtu na mtu. Zilikuwa fupi: zilianzia usawa wa paji la uso na kuishia kiunoni, na kila ukiinua mkono kukata zinapepea. Kulia kwangu alisimama mama mmoja wa Uvira, mcheshi, aliyekuwa akiimba nyimbo za kwaya kimoyomoyo huku midomo ikicheza nyuma ya barakoa. Jumanne moja hakuja. Nafasi yake ilikaa wazi siku nne. Siku ya tano alisimama kijana mgeni, na kisu kilichokuwa na alama ya rangi ya kucha kwenye mpini, alama aliyoitia yule mama ili kisipotee, kikawa chake. Hatukupewa nafasi ya kumzika. Tuliomboleza kwa simu.

Kamati ya Bunge la Marekani ilichunguza kampuni tano kubwa za nyama na Oktoba 2021 ikatoa hesabu: katika mwaka wa kwanza wa janga, wafanyakazi wasiopungua 59,000 wa kampuni hizo waliambukizwa, na 269 walikufa. Ni hesabu ya kampuni tano tu.

Walioandika sheria ya ARPA waliwakumbuka watu hao. Mji uliruhusiwa kuwalipa wafanyakazi wa kazi za lazima nyongeza ya hadi dola 13 kwa saa, isizidi dola 25,000 kwa mtu mmoja, hata kwa saa zilizokwisha kufanywa. Kanuni ilitaja waziwazi wanaozalisha chakula. Na mji wetu ulitoa nyongeza, jambo ninalolipongeza. Aliyepewa ni nani? Wafanyakazi wa mji. Siwaonei kijicho wazoa taka wala wahudumu wa gari la wagonjwa. Kama ingekuwa juu yangu ningewaongezea. Lakini orodha ya shukrani iliyosomwa ukumbini kwenu ilianza na kuishia kwa watu ambao hundi zao za mshahara zina nembo ya mji. Kiwanda ambacho kodi yake inaendesha nusu ya mambo ya hapa hakikutajwa, achilia mbali watu wake.

3. Barabara ya kiwandani

Zamu ya pili inatoka baada ya saa sita usiku. Kiwanda kiko nje ya mji na njia ya waenda kwa miguu inakatika kwenye kituo cha mafuta. Baada ya hapo ni bega la barabara, malori na theluji. Asiye na gari analipa kiti kwenye gari la mtu binafsi, kwenda na kurudi, kila siku ya kazi, au anatembea. Tuliomba gari dogo la abiria kwa saa mbili tu, mwanzo na mwisho wa zamu. Tukaambiwa hakuna pesa. Majira yaleyale polisi walipokea magari mapya. Nayajua vizuri, hunipita nikitembea.

4. Lugha na saa

Tangazo la mkutano wa kupokea maoni ya wananchi juu ya pesa hizi lilibandikwa kwa Kiingereza kitupu, na mkutano ukapangwa Jumatatu saa 12 jioni. Saa hiyo zamu ya pili yote iko kwenye laini na zamu ya kwanza inapika na kuogesha watoto. Kumbukumbu zenu zinasema hakuna aliyejitokeza kutoa maoni. Ni kweli.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu baadhi ya majibu nimeshayasikia kwenye korido.

Mtasema wafanyakazi wa nyama walishalipwa. Ni zile dola 600 za Wizara ya Kilimo, zilizotolewa mara moja tu kupitia mashirika na vyama vya wafanyakazi. Tulizipokea, asante. Hazikutoka kwenu. Na Minnesota mwaka 2022 jimbo liliwalipa watu zaidi ya milioni moja waliofanya kazi wakati wa janga, wa viwanda vya chakula wakiwemo, dola 487.45 kila mmoja. Zile senti 45 nazipenda: zinaonyesha mtu alikaa chini akagawa kweli, mpaka mwisho.

Mtasema wengine walifanya mabaya zaidi. Ni kweli kabisa. Alabama ilitenga dola milioni 400 za ARPA kujengea magereza. Kaunti ya Broward, Florida, ilielekeza dola milioni 140 kwenye hoteli ya kifahari. Ukijipima na hao, kila mtu ni mtakatifu. Jipimeni na Toledo na kaunti yake ya Lucas, Ohio, waliotoa pesa hizihizi kununua na kufuta madeni ya hospitali ya watu wao. Au kaunti ya Cook, Illinois, iliyotenga dola milioni 42 na kuzipa familia 3,250 dola 500 kila mwezi kwa miaka miwili. Hao nao walifuata kanuni ileile mnayoifuata ninyi.

Mtasema muda umekwisha: pesa zilipaswa kuwa zimefungwa kwenye mikataba ifikapo 31 Desemba 2024, na zote ziwe zimetumika ifikapo 31 Desemba 2026. Sawa. Siombi pesa za Washington. Hizo zimeshalipa ada na risiti mnayo. Naomba za kabatini. Hizo ni za mji, zimo kwenye bajeti mnayoipigia kura wenyewe kila mwaka, na hakuna tarehe ya Washington inayozigusa.

Mtasema Kiingereza sasa ni lugha rasmi. Amri ya Rais ya tarehe 1 Machi 2025 ilifuta ile ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza. Lakini amri hiyohiyo inasema hailazimishi idara yoyote kubadili huduma zake. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iko palepale, haifutwi kwa amri, na mlipopokea pesa za ARPA mlitia saini kwamba mtaifuata. Tena hapa si Washington. Hospitali yetu inaita mkalimani kwa simu kwa dakika moja. Kiwanda, ambacho hakijulikani kwa ukarimu, kinabandika maonyo ya usalama kwa lugha tano.

Na yupo diwani mmoja, sitamtaja, aliyeniambia uso kwa uso kwamba pesa za mji ni za walipa kodi. Nilicheka, akadhani sijaelewa. Kodi ya jengo naitoa ndani ya kodi ya nyumba kila tarehe mosi, na mwenye nyumba haipeleki mbinguni. Ya mauzo naikatwa nikinunua hata soksi.

Kwa hayo, naomba mambo yafuatayo:

(a) Orodha ya kila kazi iliyolipiwa na pesa za ARPA tangu 2021: kiasi, tarehe, na nani alilipwa. Iwe kwa Kiingereza, Kiswahili, Kihispania na Kinyarwanda, na ibandikwe maktaba na kwenye lango la kiwanda. Hili litolewe kabla ya tarehe 30 Aprili, siku ambayo mnatakiwa kupeleka ripoti ya mwaka Wizara ya Fedha. Mnachoweza kuwaandalia wao, tuandalieni na sisi.

(b) Tamko la maandishi la kiasi gani cha mfuko mkuu kiliachwa huru baada ya ARPA kulipa mishahara, mwaka kwa mwaka, na kilipelekwa wapi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mkinijibu hili peke yake nitajua mmesoma.

(c) Katika bajeti ijayo, sehemu ya pesa hizo itengwe kwa gari la abiria la zamu ya pili na kwa mkalimani wa simu katika ofisi za mji. Nyongeza ya kazi ya hatari kwa watu wa kiwandani sijui kama bado mnaweza kuilipa; ijadilini mbele yetu, na kama jibu ni hapana, tulisikie kwa masikio yetu.

(d) Mkutano mmoja wa hadhara siku ya Jumapili alasiri, baada ya ibada, katika ukumbi wa shule ya msingi, wakalimani wakiwepo. Watu wazima, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Mtoto asimame tena pale mbele kama anataka kusoma shairi.

Wengi wananiuliza kama siogopi kuandika haya katika majira haya. Naogopa kidogo. Ndiyo maana nimeshauriana kwanza na wazee wa kanisa na wenzangu wa laini, na 61 kati yetu wameweka majina kwenye karatasi iliyo mikononi mwa chama cha wafanyakazi. Mtaonyeshwa mtakapotupa tarehe ya mkutano.

Kijana wangu sasa ana miaka 16, na Jumatatu jioni ana mazoezi ya mpira. Msimtarajie.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi, mpangaji na mfanyakazi wa zamu ya pili

Nakala:
Ofisi ya Mkaguzi wa Hesabu wa Jimbo
Chama cha wafanyakazi, tawi la kiwandani
Maktaba ya mji, kwenye ubao wa matangazo, karibu na mashine ya kuchapisha